Wakusanya madeni wananidai 9,800,000 za ajali ya gari: nilipe, nijibu au ninyamaze? (Kigoma)

Kasingirima78

Mwakeye wakuu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya bima na madai.

Ajali ilitokea Mwandiga miezi 14 iliyopita. IST yangu, yenye bima ndogo (ya mtu wa tatu), iligonga Prado kwa nyuma. Hakuna aliyeumia. Trafiki alipima, akachora ramani, faini ikalipwa ya papo kwa papo. Kituoni tuliandikishana karatasi kwamba "nitagharamia matengenezo", kiasi hakikutajwa. Prado ilikuwa na bima kubwa na ikatengenezwa na bima yake.

Sasa kampuni ya kukusanya madeni ya Dar inasema imepewa kazi na bima hiyo. Barua yao imechambua hivi: vipuri 5,600,000, ufundi na rangi 1,900,000, kuvuta gari 700,000, riba 600,000, ada ya ukusanyaji 1,000,000. Jumla 9,800,000 ndani ya siku 3, la sivyo wanakuja na polisi kuchukua IST, na kesi wataifungua Mahakama ya Kisutu, Dar.

Maswali:
1. Wana nguvu ya kuchukua gari?
2. Nikiwatumia hata 200,000 watulie, kuna ubaya?
3. Nijibu nini?

---

Meza_ya_Madai

Mkuu, kabla ya maswali yako kuna jambo hukuliuliza, na ndilo kubwa. Ulikuwa na bima ya mtu wa tatu. Prado ndiyo huyo mtu wa tatu. Kwa nini unadaiwa wewe na si bima yako?

Fanya hivi kwanza. Ingia kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima) wa kuhakiki bima (TIRA-MIS), weka namba ya gari, hakikisha bima ilikuwa hai tarehe ya ajali, chapisha ukurasa huo. Stika ya kioo peke yake haitoshi, kuna watu wameuziwa stika na mawakala wa mfukoni ambazo kwenye mfumo hazipo. Ikiwa ipo, chukua barua ya hao wakusanyaji, usiikatekate wala kuisahihisha, ipeleke bima yako pamoja na:

- nakala ya hati ya bima, kadi ya gari na leseni ya dereva aliyekuwa anaendesha
- PF 90 (taarifa ya polisi ya ajali), PF 93 (ukaguzi wa magari) na ramani ya ajali
- picha kama unazo, zikiwemo za uharibifu wa IST
- hiyo karatasi mliyoandikishana

Andika barua ya juu ya nusu ukurasa tu: tarehe ya ajali, namba za magari mawili, "nimepokea dai hili tarehe fulani, naomba mlishughulikie chini ya bima namba fulani". Wagongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Muhuri huo utauhitaji baadaye.

Sasa matatizo mawili. Moja, Sheria ya Bima ya Magari (sura ya 169) inalazimisha bima kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu. Uharibifu wa mali ya mtu wa tatu unategemea kilichoandikwa kwenye mkataba wako. Nyingi zinalipa, lakini kwa ukomo. Soma kifungu cha ukomo wa mali kabla hujaenda, maana ukomo ukiwa chini ya dai, tofauti inabaki yako.

Pili, karibu kila mkataba wa bima una sharti kwamba ajali itolewe taarifa mapema, na kwamba mteja asikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya bima. Wewe umechelewa miezi 14 na umesaini ahadi. Watakutupia hayo yote mawili. Usiende na maneno ya kujitetea, nenda na barua, uwaache wakatae kwa maandishi na wataje sharti waliloegemea. Wakikataa au wakinyamaza, malalamiko yanakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO) au ofisi ya kanda ya TIRA. Kukataliwa kwa mdomo hakukatiwi rufaa popote.

Kuhusu hao wa Dar: bima ikishamlipa mteja wake inapata haki ya kumdai aliyesababisha hasara, ikiingia mahali pa mteja wake. Kwa hiyo dai lenyewe si utapeli kwa asili yake. Lakini bima inayodai hivyo haiwezi kudai zaidi ya ilicholipa, na inabeba udhaifu wote wa mteja wake. Dereva wa Prado kama alifunga breki ghafla bila sababu au taa zake za nyuma zilikuwa mbovu, lawama inagawanywa na dai linapungua kwa sehemu yake. PF 93 itasema hali ya taa.

---

Fundi_Mlole

Nimetazama mchanganuo. Gari likigongwa nyuma, vinavyoumia kwenye Prado ni bampa, mlango wa nyuma na kitasa chake, tairi la akiba na kishikio chake, kioo, taa za nyuma, sensa za rivasi, na kama mgongano ulikuwa mzito ncha za chesisi na ekzosi. Omba orodha ya kipuri kimoja kimoja. Ukiona rediata, taa za mbele au bonati humo, uliza kwa nini, isipokuwa kama PF 90 inasema Prado ilisukumwa ikagonga cha mbele.

Kwa nini kuvuta 700,000? Gari lililogongwa nyuma mara nyingi linatembea lenyewe mpaka gereji. Inawezekana walilipandisha kwenye lori wakalipeleka Mwanza au Dar. Basi waeleze kilichoshindikana Kigoma. Mlango wa nyuma na bampa vinapigwa rangi hapa hapa mjini.

Halafu vipuri vya zamani viko wapi? Mlango wa Prado hata ukiwa na bonde una mnunuzi. Kama bima iliuchukua ikauuza, thamani ya mabaki inatolewa kwenye dai. Tairi la akiba lililokuwa limeisha nusu haliwezi kurudi jipya kwa hela yako yote.

---

Baraza_la_Ujiji

Swali la 1. Hawana nguvu yoyote ya kuchukua gari. Mkusanya madeni ni mwombaji mwenye barua. Mwenye uwezo wa kukamata mali ni dalali wa mahakama, anayefanya kazi chini ya Kanuni za Madalali wa Mahakama na Wapeleka Nyaraka za 2017, na hata huyo anakuja baada ya kesi, hukumu, na hati ya kukazia hukumu yenye namba ya shauri, jina lako, muhuri na saini. Anakuonyesha hati na kitambulisho chake. Akija mtu bila hati, usibishane naye barabarani: mwite mwenyekiti wa mtaa, funga gari, piga picha ya watu hao na ya gari lao. Akilichukua kwa nguvu, hilo ni kosa la jinai na linaripotiwa kituoni, chukua namba ya RB (namba ya taarifa yako polisi).

Polisi nao hawakamati mtu kwa deni la madai. Kuna kifungo cha mfungwa wa madai, ila kinatolewa na mahakama baada ya hukumu, baada ya wewe kuitwa ujieleze kwa nini hujalipa, hakizidi miezi 6, na mdai ndiye anayegharamia chakula chako humo. Wadai wengi wakisikia hilo la chakula hamu inapungua.

Kisutu: dai la hasara ya mali kutokana na ajali linafunguliwa ilipotokea ajali au anapoishi mdaiwa. Ajali Mwandiga, mdaiwa Kigoma. Wakifungua Dar, jambo la kwanza unaloweka ni pingamizi la mamlaka ya eneo. Hapa Kigoma ni Mahakama ya Wilaya, na nitaeleza kwa nini si Mwanzo.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madeni ya kimkataba yasiyozidi milioni 30, lakini madai ya uzembe barabarani hayako kwenye mamlaka yake. Ndiyo maana ile karatasi mliyoandikishana kituoni inanipa wasiwasi kuliko barua ya Dar. Bila karatasi, mdai anatakiwa athibitishe uzembe wako na kila shilingi ya hasara, ndani ya miaka 3 tangu ajali. Akiwa na karatasi atasema huu ni mkataba: ukomo (muda wa mwisho wa kufungua kesi) unakuwa miaka 6, na mlango wa Mwanzo unafunguka. Ahadi yako haikutaja kiasi, hilo ni zuri kwako, bado lazima wathibitishe gharama. Pia alisaini nani upande wa pili? Kama ni dereva wa Prado kwa jina lake tu na si mwenye gari, bima inayovaa haki za mwenye gari itakuwa na kazi ya kueleza karatasi hiyo inawahusu vipi.

Faini ya papo kwa papo si hukumu. Ungefikishwa mahakamani ukakiri kosa ukatiwa hatiani, kwa Sheria ya Ushahidi (sura ya 6) hukumu hiyo, muda wa rufaa ukipita, ingekuwa uthibitisho usiopingika kwamba ulitenda kosa hilo. Wengi wanakiri "ili niachiwe nirudi kazini" bila kujua wanamrahisishia kazi mdai wa kesho.

---

Lumumba_Road

Swali la 2: usitume hiyo 200,000. Malipo ya sehemu ni kukiri deni na yanaanzisha ukomo upya. Mtu amebakiza mwezi mmoja dai lake life, anatuma hela ya kupoza, miaka inaanza kuhesabiwa tena.

---

Baraza_la_Ujiji

@Lumumba_Road ni sahihi kwa deni linalojulikana kiasi chake, kama mkopo au bidhaa. Kwa fidia ya uzembe ambayo haijakadiriwa na mahakama, kuhuisha ukomo namna hiyo si moja kwa moja. Ila ushauri haubadiliki, kwa sababu hapa tatizo ni ushahidi: atakayelipa 200,000 kwenye dai la 9,800,000 na ujumbe wa muamala ukasema "malipo ya awali ya deni", amewapa kile walichokuwa wanakosa, na ameipa bima yake sababu ya tatu ya kukataa.

---

Kasingirima78

Asanteni sana. Nimehakiki, bima inaonekana kwenye mfumo na tarehe ziko sawa. Karatasi ya kituoni, kwa upande wa Prado alisaini dereva peke yake, nimeiona kwenye nakala.

Jingine: wameanza kumpigia mwenyekiti wa mtaa na shemeji yangu, wanawaambia "mwambieni alipe, ni tapeli". Na hiyo barua ya kuwajibu iandikweje? Sijui lugha za kiofisi.

---

Meza_ya_Madai

Lugha ya kiofisi ni hasara kwako, unaweza kukiri bila kujua. Andika fupi. Hii inatosha, badilisha penye nafasi:

"YAH: BARUA YENU KUMB. NA. … YA TAREHE …

Nimepokea barua tajwa. Barua hii si kukiri deni wala kosa, na haiathiri haki zangu zozote.

Gari namba … lilikuwa na bima ya mtu wa tatu, bima namba … ya kampuni … . Dai lenu nimelifikisha kwao tarehe … . Tafadhali wasilianeni nao.

Wakati huohuo naomba mniletee: (a) barua ya kampuni ya bima inayowapa mamlaka ya kudai kwa niaba yake, (b) uthibitisho kwamba ilimlipa mteja wake, kiasi na tarehe, (c) ripoti ya mkadiria hasara, (d) ankara ya gereji yenye orodha ya vipuri pamoja na risiti za EFD, (e) maelezo ya mabaki na thamani yake, (f) msingi wa riba na wa ada ya ukusanyaji.

Mawasiliano yote yawe kwa maandishi kwa anwani hii. Siruhusu mawasiliano na watu wengine kuhusu suala hili."

Sahihi, tarehe, basi. Usisimulie ajali. Usiandike "samahani", "nitajitahidi" wala "hali yangu ni ngumu kwa sasa". Tuma kwa EMS pale Posta utunze risiti, na nakala kwa barua pepe. Kwenye simu jibu lako liwe moja tu: "nimewaandikia".

Kipengele (f) ndicho kitakachopunguza jumla kwanza. Ada ya ukusanyaji ni makubaliano kati yao na bima, wewe hukusaini. Riba kabla ya hukumu inahitaji msingi, wa mkataba au wa mahakama kuona inastahili, si ya kuongeza mtu mwenyewe kwenye barua. Ukiziondoa hizo mbili zinabaki 8,200,000, na bado hujagusa kuvuta gari na mabaki.

Kuna mtego mwingine hapo kwenye (b). Bima kubwa huwa na kiasi cha kwanza anachobeba mteja mwenyewe, wanakiita eksesi. Hicho bima haikulipa. Kama mwenye Prado naye alishakudai au akidai eksesi yake kando, hakikisha haimo ndani ya hesabu ya bima, vinginevyo utailipa mara mbili.

---

Mwanga_Center

Hayo ya kumpigia shemeji na mwenyekiti: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na Tume yake (PDPC) inapokea malalamiko. Kumweleza jirani habari za deni lako si sehemu ya kudai. Mwombe mwenyekiti aandike mistari mitatu: tarehe, saa, namba iliyopiga na walichosema. Shemeji vivyo hivyo. Jumbe usizifute, chukua picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe. Neno "tapeli" kwa maandishi kwa watu wengine linaweza kuwarudia.

Watu wanakimbilia kulalamika BoT (Benki Kuu). Kanuni za BoT za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za 2019 zinahusu mabenki na wakopeshaji walio chini yake. Hapa mdai ni bima, mlango wake ni TIRA. Ukipeleka pasipohusika unapoteza wiki kadhaa ukisubiri jibu la kukuelekeza kwingine.

---

Deiwaka_Gungu

Naomba kuongezea kwa wanaosoma ambao gari si lao. Dereva wa kibarua akigonga akiwa kazini, mwenye gari anaunganishwa kwenye dai pamoja naye. Wakusanyaji humfuata aliye rahisi kupatikana, yaani dereva ambaye leseni yake ilipigwa picha kituoni. Jibu la dereva litaje mwenye gari na bima ya gari.

Na waliouza gari bila kubadilisha jina TRA: barua itakuja kwako. Tafuta mkataba wa mauzo wenye tarehe iliyotangulia ajali na ushahidi wa malipo. Bila hivyo jina kwenye kadi ndilo litakalosemwa.

---

Kasingirima78

Ikitokea bima yangu imekataa kabisa na vielelezo vyao viko sawa? Sina milioni 8 ya kutoa mara moja.

---

Baraza_la_Ujiji

Basi unazungumza bei, ukiwa tayari umeona vielelezo. Chukua kiasi ilicholipa bima, toa mabaki, toa kisichoeleweka. Tuseme umefika 5,400,000. Una njia mbili za kupendekeza: kiasi pungufu kwa mkupuo, au mafungu, mfano 180,000 kwa miezi 30. Wadai hupenda mkupuo hata ukiwa mdogo, kwa sababu kufuatilia mtu wa Kigoma kutoka Dar kunawagharimu. Pendekeza fungu unaloliweza hata mwezi mbaya. Ukikosa moja, makubaliano mengi yana sharti kwamba salio lote linadaiwa papo hapo.

Kabla ya shilingi ya kwanza, pata hati ya makubaliano iliyosainiwa na kampuni ya bima yenyewe, si mkusanyaji peke yake. Itaje tarehe ya ajali, namba za magari, namba ya dai, jumla, na maneno kwamba malipo hayo yanamaliza madai yote ya ajali hiyo. Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la bima. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, kataa hata kama ndiye aliyekuwa anakupigia siku zote. Ukimaliza, dai barua ya kufunga dai.

Kabla ya kusaini, pita kwa wasaidizi wa kisheria. Wapo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza, na huduma yao ni bure.

Na ukipokea wito wa mahakama, mambo yote ya barua na simu yanakwisha hapo. Mahakama ya Wilaya unatakiwa kuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya siku 21 tangu kupokea. Andika tarehe ya kupokea kwenye nakala mbele ya mpeleka wito. Kukataa kusaini hakusaidii, ataapa kwamba ulikataa na kesi itaendelea. Watu wengi wanaopoteza kesi hizi hawakushindwa hoja, walikaa kimya ikatoka hukumu ya upande mmoja. Ikikutokea, omba itenguliwe mara moja, ukieleza sababu ya kutofika.

Hata hukumu ikitoka, unaweza kuomba mahakama iruhusu ulipe kwa mafungu, ukiambatisha ushahidi wa kipato. Na kuna vitu havikamatwi: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za kazi za fundi, majembe na mbegu za mkulima, na nyumba unayoishi na familia. IST haimo kwenye orodha hiyo, ndiyo itakayofuatwa ya kwanza.

---

Meza_ya_Madai

Kwa hiyo bima yako kwanza, kesho asubuhi. Na siku 3 zao zisikuharakishe, ni tarehe waliyojipangia wenyewe. Ukipata muhuri wa kupokea, weka hapa walichokujibu tuone wameegemea sharti gani.